Katalogi ya maktaba na bibliografia: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ninafanya kazi ya ukutubi Mtwara mjini. Wanaokuja mezani kwangu wengi ni wanafunzi wa vyuo, walimu wanaojiendeleza, na vijana wanaoandaa mapendekezo ya utafiti kuhusu korosho, gesi, Wamakonde au Kilwa. Maswali yao yanafanana, na mengi yanazaliwa na jambo moja: kuna orodha mbili za vitabu zinazofanana sura lakini kazi zake ni tofauti. Anayezichanganya hupoteza nauli na muda, na wapo ninaowajua walioacha mada nzuri kwa kudhani haijaandikiwa kitu.

Nimeyapanga kuanzia mepesi. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

1. Katalogi ya maktaba ni nini?

Ni orodha ya vitu ambavyo maktaba fulani inavyo. Neno la kushika hapo ni "fulani". Kila kilichoandikwa humo kina nakala inayoshikika, au faili linalofunguka, chini ya mikono ya maktaba hiyo. Kitabu kikiletwa kinaingizwa. Kikiibwa au kikiliwa na mchwa kinatakiwa kiondolewe. Kwa hiyo katalogi haikamiliki hata siku moja. Inabadilika kadiri rafu zinavyobadilika.

Humo utakuta jina la mwandishi, jina la kitabu, mahali kilipochapishwa, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na mada. Utakuta pia namba inayokupeleka kwenye rafu, na habari za nakala zenyewe: ziko ngapi, ipi imeazimwa, ipi haitoki nje ya chumba.

2. Na bibliografia ni nini?

Ni orodha ya maandishi yaliyokusanywa kwa sababu kuna kitu kinachoyaunganisha: mada, mwandishi, lugha, nchi au kipindi. Mkusanyaji hajishughulishi na swali la kitabu kimehifadhiwa wapi. Anaweza kukaa Dodoma akakusanya bibliografia ya Kilwa, na nusu ya maandishi anayoyataja yakawa Lisbon na London. Kinachomfunga ni mpaka aliojiwekea mwenyewe, tuseme kazi zote zilizochapishwa kuhusu Vita vya Majimaji katika miaka fulani. Ndani ya mpaka huo anatakiwa asiache kitu.

Bibliografia nyingine huwa na maelezo mafupi chini ya kila kazi: inazungumzia nini, ina ramani au haina, inakosea wapi. Ukikutana na ya namna hiyo, ishike kwa mikono miwili. Mtu amekusomea vitabu mia na anakuambia cha kuanza nacho.

3. Nipe tofauti kwa ufupi, bila nadharia.

Bibliografia inakuambia kuwa kitabu kipo duniani. Katalogi inakuambia kuwa kipo hapa, na kimekaa rafu gani.

Kwa watu wa huku natumia mfano wa korosho. Daftari la ghala la chama cha msingi linaonyesha mzigo uliopokelewa pale: wa nani, kilo ngapi, daraja gani. Korosho isiyofika ghalani haimo, hata iwe nzuri namna gani. Sasa chukua orodha ya aina za mikorosho zilizotolewa na watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara. Ile inataja aina na sifa zake, lakini haikuambii kama shambani kwenu Tandahimba kuna mche hata mmoja. Daftari la ghala ndiyo katalogi, orodha ya Naliendele ndiyo bibliografia. Anayefikiria apande nini atasoma ya Naliendele. Anayetaka kupakia lori atafungua daftari la ghala, maana lori likienda kwa kufuata orodha ya Naliendele litarudi tupu.

4. Bibliografia na marejeo ni kitu kimoja?

Ni ndugu. Marejeo ni orodha ya kazi ulizozitaja ndani ya andiko lako, hizo tu. Bibliografia inaweza kuwa na kazi ulizosoma bila kuzitaja, na inaweza pia kujitegemea kabisa, ikawa kitabu kizima. Vyuo vinatofautiana katika neno la kuandika mwishoni mwa tasnifu, kwa hiyo muulize msimamizi wako mapema.

Kwa upande wa swali letu, yote mawili yanasimama sehemu moja: hakuna kati yake linalokuambia kitabu kiko maktaba gani.

5. Fahirisi je?

Leo tukisema fahirisi tunamaanisha ile orodha ya nyuma ya kitabu inayoonyesha neno fulani liko ukurasa wa ngapi. Inafanya kazi ndani ya kitabu kimoja.

Lakini neno lenyewe lina historia inayostahili kujulikana. Limetoka Kiarabu, na mwaka 987 mwuza vitabu wa Baghdad aitwaye Ibn al-Nadim aliliweka kuwa jina la kazi yake kubwa, Kitab al-Fihrist. Alikusudia kuorodhesha vitabu vyote vilivyopatikana kwa Kiarabu enzi zake, vya Waarabu na vya mataifa mengine, pamoja na habari za waandishi wake. Hiyo ni bibliografia, wala si katalogi, kwa sababu hakuorodhesha vitabu vya duka lake peke yake. Vingi kati ya alivyovitaja vimepotea kabisa. Tunajua viliwahi kuwepo kwa sababu yeye aliviandika.

## Ukiwa maktabani

6. Kitabu kimo kwenye bibliografia, na mwaka na mchapishaji vimeandikwa. Mbona mnasema hamna?

Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote. Kijana mmoja alitoka Newala kwa basi la alfajiri. Alipofika alitandika karatasi juu ya meza: kazi kumi na nne, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko safi, kila moja na mwaka wake. Alikuwa amezinakili kutoka nyuma ya tasnifu ya mtu mwingine, akaamini kwamba orodha kama ile, kwa kuwa imechapwa na imepangwa kwa alfabeti, ni ya vitabu vilivyo maktabani. Tulikuwa navyo viwili, na kimoja hakikuwa na jalada. Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni kabla sijamaliza kueleza.

Nilimwomba aitoe tena. Tukakaa nayo hadi adhuhuri, tukipita katalogi moja baada ya nyingine kwenye kompyuta, na pembeni ya kila jina tukaandika kwa penseli mahali kitabu kilipo. Aliondoka na vitabu viwili, na karatasi inayomwambia kumi na viwili vilivyobaki akavitafute wapi. Angeweza kuifanya kazi hiyo akiwa Newala, kwa simu na bando dogo, kabla ya kulipa nauli.

Kwa hiyo jibu ni hili: aliyeandaa bibliografia hakukuahidi kwamba sisi tunacho. Alikuahidi kwamba kipo.

7. Nianze na ipi basi?

Kama bado hujui nini kimeandikwa kuhusu mada yako, anza na bibliografia. Ukishapata majina, peleka kila jina kwenye katalogi. Mpangilio huu ndio unaookoa muda.

Wengi wanafanya kinyume. Wanafungua katalogi ya maktaba iliyo karibu, wanaandika mada, wanapata vitabu vitatu, wanahitimisha katika pendekezo lao kwamba "hakuna tafiti nyingi zilizofanyika kuhusu mada hii". Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mno, na kwa mada za kusini karibu kila mara si kweli. Vitabu vitatu ni kipimo cha rafu zetu. Havipimi elimu iliyopo.

Ukiwa na dakika kumi tu na unataka chochote cha kusoma leo jioni, nenda moja kwa moja kwenye katalogi. Hapo hakuna kosa.

8. Zile namba za mgongoni mwa kitabu ni za nini? Mbona kwenye bibliografia hazimo?

Ni anwani ya kitabu rafuni. Maktaba nyingi za umma nchini hutumia mpango wa Dewey, uliotolewa Marekani mwaka 1876, ambao hugawa maarifa yote katika mafungu kumi, kila fungu likagawanyika tena na tena. Historia ya Tanzania iko 967.8. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Kilimo cha matunda na kokwa, korosho ikiwemo, kiko 634, na mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kama yule aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, wako 567.9. Chini ya namba huwa kuna herufi tatu, mara nyingi za mwanzo wa jina la mwandishi.

Bibliografia haina namba hizo kwa sababu haina rafu. Chukua kazi ya Neville Chittick kuhusu uchimbaji wa mambo ya kale Kilwa. Katika bibliografia utaikuta hivi: Chittick, Neville, *Kilwa: An Islamic Trading City on the East African Coast*, juzuu 2, Nairobi, British Institute in Eastern Africa, 1974. Inatosha hapo. Katika katalogi ya maktaba iliyo nayo utakuta hayo yote, kisha namba ya rafu, kisha taarifa kwamba juzuu zote mbili zipo au moja haionekani, kisha kama unaruhusiwa kutoka nayo nje au utaisoma humo humo. Bibliografia haiwezi kujua kwamba juzuu ya pili imepotea. Katalogi inatakiwa ijue.

9. Kadi za kwenye droo na kompyuta, ipi ni katalogi halisi?

Zote. Katalogi ni orodha, na inaweza kukaa kwenye daftari, kwenye kadi au kwenye kompyuta. Kadi za zamani zina upana wa sentimita 12.5 na kimo cha 7.5, zina tundu chini katikati la kupitishia chuma cha droo, na zile zinazotafutwa sana unazijua kwa pembe zake zilizolainika na kuwa nyeusi kwa vidole. Siku hizi vyuo vingi nchini vinatumia Koha, programu ya bure iliyoanza kazi Nyuzilandi mwaka 2000. Jina lake kwa Kimaori maana yake ni zawadi.

Ila uliza hivi kila unapoingia maktaba ngeni: je, kadi zote zimeshahamishiwa kwenye kompyuta? Mara nyingi vitabu vya zamani, ambavyo ndivyo mtafiti wa historia anavyovihitaji, bado viko kwenye droo tu.

10. Mkutubi akisema "hatuna", nimwamini?

Mwamini kwa heshima, kisha mwombe atafute kwa neno jingine. Nasema hivi kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, katika maktaba nyingine, mwalimu mmoja mwanamama aliniuliza kitabu kuhusu wachongaji wa Kimakonde. Nilivuta droo ya M, nikatafuta "Makonde", nikamwambia hatuna. Alinishukuru akaondoka. Miezi miwili baadaye nilikuwa nafuta vumbi nikakikuta, kimesimama mahali pake bila tatizo lolote. Kadi yake ilikuwa kwenye droo ya W. Mtu aliyeiandika aliandika "Wamakonde". Nilimpigia simu yule mwalimu. Alikuwa ameshawasilisha kazi yake.

Tangu siku hiyo sisemi "hatuna" kabla ya kufungua droo tatu. Sababu imeelezwa zaidi katika swali la 11.

## Kuitafuta kusini katika orodha

11. Nikiandika "Lindi" au "Mtwara" napata vichache sana. Nakosea wapi?

Huenda hukosei; majina ndiyo yamehama. Orodha hushika jina lililotumika wakati kitabu kinaandikwa. Lindi ilipata kuwa mkoa wake mwaka 1971. Kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara. Nyuma zaidi, wakati wa Waingereza, eneo lote hili liliitwa Southern Province, Jimbo la Kusini, na ripoti za wakoloni zimeorodheshwa chini ya jina hilo. Nyuma ya hapo ni Wajerumani, na nchi yenyewe unaitafuta kwa Deutsch-Ostafrika. Kitabu cha kabla ya 1964 kinaweza kuwa chini ya Tanganyika na kisionekane kabisa ukiandika Tanzania.

Tahajia nazo ni mtihani. Kilwa Kivinje Wajerumani waliiandika Kiwindje. Wareno waliiita Kilwa Quiloa. Mto Ruvuma katika vitabu vingi vya zamani ni Rovuma.

Kisha kuna viambishi vyetu, ambavyo orodha zilizopangwa kwa alfabeti hazikuviwazia. Makonde, Wamakonde, Mmakonde, Kimakonde na Chimakonde ni neno moja kwa msemaji, lakini katika droo yanakaa sehemu tofauti, M, W, K, C. Hali ni hiyo hiyo kwa Wayao, Wamwera, Wamakua na Wangindo. Orodha za Ulaya na Marekani kwa kawaida huondoa kiambishi na kuandika Makonde, Yao, Mwera, Makua, Ngindo. Za kwetu mara huondoa, mara huacha, kutegemea nani aliandika kadi siku ile. Tengeneza karatasi yenye majina yote ya mada yako kabla hujaanza kutafuta. Nusu saa ya kazi hiyo inalipa.

12. Nimeambiwa kuna makala nzuri kuhusu Mikindani. Katalogi haiioni.

Katalogi nyingi huorodhesha jarida zima, haziorodheshi makala zilizomo. Zitakuambia maktaba ina *Tanganyika Notes and Records*, jarida lililoanza 1936 na baadaye kubadilishwa jina kuwa *Tanzania Notes and Records*, na kwamba ina namba kadhaa tangu mwaka huu hadi ule. Basi. Makala iliyo ukurasa wa arobaini wa toleo moja haimo.

Hapa ndipo bibliografia inapokuwa na nguvu ambayo katalogi haina. Yenyewe hushuka hadi kwenye makala, sura ya kitabu, mara nyingine hata hotuba. Kwa hiyo unachukua jina la makala, jarida, toleo na kurasa kutoka kwenye bibliografia, halafu kwenye katalogi unatafuta *jarida*, si makala. Watu wengi wanakwama kwenye hatua hii ndogo.

13. Mjusi wa Tendaguru amechimbwa kwetu Lindi. Vitabu vyake viko wapi?

Mifupa ilichimbwa na msafara wa makumbusho ya Berlin kati ya 1909 na 1913, kwa jasho la mamia ya watu wa huku waliochimba na kubeba mizigo kichwani hadi bandari ya Lindi. Baadaye Waingereza nao walichimba kuanzia 1924 hadi 1931. Werner Janensch, aliyeongoza kazi ya Wajerumani, aliendelea kuchapisha uchambuzi wa mifupa hiyo kwa Kijerumani hadi 1961. Maandishi hayo yamo katika majarida ya kisayansi ya Ujerumani.

Ukifungua bibliografia ya Tendaguru utapata orodha ndefu ya kutosha kukutisha. Ukifungua katalogi ya maktaba yoyote kati ya Kilwa na Newala utapata kidogo sana. Pengo hilo kati ya orodha mbili si kosa la mkutubi wala la mkusanyaji. Ni ramani ya mahali elimu kuhusu nchi hii ilikopelekwa. Hali ni kama hiyo kwa mradi wa karanga wa Nachingwea wa 1947 hadi 1951, ambao kwa ajili yake bandari ya Mtwara ilijengwa na reli ikalazwa kisha ikang'olewa: ripoti nyingi ziko Uingereza.

Ninalisema hili kwa wanafunzi kila ninapoweza, kwa sababu wengine wakiona rafu tupu wanadhani kwao hakuna historia. Imo kwenye bibliografia. Tunachokosa ni nakala.

14. Nimejua kitabu na najua kiko mbali. Nitakipataje?

Kwanza angalia umri wake. Kitabu cha Karl Weule kuhusu safari yake ya 1906 kutoka Lindi hadi Masasi na uwanda wa Makonde kilitoka 1908, na muda wa hakimiliki umekwisha. Kinapatikana bure mtandaoni kwa Kijerumani na kwa tafsiri yake ya Kiingereza. Kisome kwa tahadhari, maana ni macho ya mkoloni, lakini picha na majina ya vijiji vimo.

Pili, Dar es Salaam kuna mahali pawili pa kuanzia: Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa 9 Desemba 1967, na mkusanyo wa East Africana, yaani maandishi kuhusu Afrika Mashariki, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tafuta kwanza kwenye katalogi zao, andika namba ya rafu, ndipo upande basi. Chukua na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako.

Tatu, kama unahitaji sura moja tu, waandikie wakutubi wa huko barua pepe uwaombe kopi, ukitaja kurasa kamili. Ombi lenye kurasa hujibiwa haraka. Ombi la "chochote kuhusu Lindi" halijibiki.

## Penye utata

15. Kuna orodha ambayo ni katalogi na bibliografia kwa pamoja?

Ipo, na hapa hata wakutubi hubishana. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyopo kwa sheria namba 6 ya 1975, hupokea nakala za machapisho ya nchini kwa mujibu wa sheria na kutoa bibliografia ya taifa. Kwa kusudi ni bibliografia: inaonyesha nchi imechapisha nini. Lakini kwa kuwa imetengenezwa kutokana na nakala zilizopokelewa, kwa njia fulani ni orodha ya kilichomo ndani pia. Kijitabu kilichochapwa Masasi na kisipelekwe kwenye Bodi hakitaonekana humo. Ukichapisha chochote, peleka nakala.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa vitabu viwili vilivyotolewa na mchapishaji mmoja wa Leiden, Brill, katika miaka iliyokaribiana. Cha Marcel van Spaandonck, 1965, kinaorodhesha maandishi ya isimu ya Kiswahili ya 1850 hadi 1963, popote yalipo: bibliografia. Cha J. W. T. Allen, 1970, kinaorodhesha hati na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizo kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam: katalogi. Vyote viwili ni vitabu vilivyojalidiwa, vyote vinasaidia mtafiti wa Kiswahili. Utaitambua aina kwa kuuliza swali moja: mwenye orodha amesimama mlango wa chumba gani? Allen ana mlango. Van Spaandonck hana.

16. WorldCat na Google viko upande gani?

WorldCat ni katalogi ya pamoja: maktaba maelfu, nyingi za nje, zimeunganisha katalogi zao mahali pamoja. Kwa ukubwa wake watu huitumia kama bibliografia, na inafaa, ila maktaba nyingi za kwetu hazimo. Kitabu kisipoonekana humo usiseme hakipo. Kinaweza kuwa kimelala kwenye rafu ya misheni au ya wilaya iliyo kilomita hamsini kutoka kwako.

Google si katalogi wala bibliografia. Hakuna aliyejiwekea mpaka na kuahidi kutoacha kitu ndani yake. Itumie, lakini usiitaje kama ushahidi kwamba jambo halijaandikwa.

17. ISBN inatosha kutafutia?

Ndiyo, kwa kitabu kipya. ISBN ni namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu; ina tarakimu 13 tangu 2007, zamani zilikuwa 10, na vitabu vya Tanzania vingi utavijua kwa 9976 au 9987. Kumbuka inatambulisha toleo moja: jalada gumu lina yake, jalada laini lina yake. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 havina kabisa.

18. Jina la mwandishi wa Kiswahili linaanza na lipi?

Jaribu yote mawili. Shaaban Robert katika orodha nyingine yuko chini ya Robert, katika nyingine chini ya Shaaban, kwa sababu kanuni za kigeni zinadhani kila jina la mwisho ni la ukoo. Majina yenye "bin" na "binti" yana shida zaidi. Na wewe ukiandaa bibliografia yako chagua njia moja uishike hadi mwisho.

19. Nyumbani kwetu Mikindani kuna sanduku la vitabu vya babu, vingine kwa mkono, herufi za Kiarabu. Nikiviorodhesha, hiyo ni nini?

Hiyo ni katalogi, na ni kazi muhimu kuliko unavyodhani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na masanduku ya namna hiyo pwani yote hii, kutoka Kilwa Kivinje hadi Msimbati, yanapotea hivyo hivyo: unyevu, mchwa, mjukuu anayehama nyumba.

Fanya hivi. Osha mikono, ikauke. Toa kitabu kimoja kimoja na usilazimishe kurasa zilizogandana. Kipe kila kimoja namba, uiandike kwenye kipande cha karatasi safi kilichowekwa ndani, usiiandike kwenye hati yenyewe. Kisha katika daftari andika namba hiyo, jina la kitabu kama linajulikana, maneno ya kwanza na ya mwisho, lugha, idadi ya kurasa, urefu na upana kwa rula, tarehe yoyote iliyomo hata kama ni ya hijria, na majina ya waliokimiliki yaliyoandikwa pembeni. Mwombe shehe au mzee anayesoma maandishi hayo akae nawe. Usigandishe chochote kwa selotepu. Piga picha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, mchana, karibu na dirisha.

Vitabu vibaki kwenu. Ukikubali, nakala ya daftari ipelekwe maktaba, ili siku mtu akiandaa bibliografia ya maandishi ya pwani ya kusini ajue vipo na ajue nani wa kumwomba ruhusa.

20. Shule yetu ina vitabu kama mia mbili kwenye kabati. Tuandike katalogi au bibliografia?

Katalogi. Daftari la kaunta linatosha, lenye mistari mipana, na safu sita: namba ya kuandikishwa, tarehe kilipofika, mwandishi, jina la kitabu, mahali kinapokaa, maelezo. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa wino ndani ya jalada, na tena ukurasa mwingine mtakaouchagua ninyi na kuutumia kwa vitabu vyote, kwa mfano wa kumi na saba, ili jalada likichanika kitabu kitambulike. Kitabu kikipotea usifute mstari wake. Andika "hakionekani" na tarehe. Namba haitumiki mara ya pili.

Baada ya hapo, mwalimu wa historia au wa Kiswahili akiwa na hamu, afungue daftari la pili, jembamba. Humo aandike kila kitabu na makala anayosikia kuhusu wilaya yenu, mlicho nacho na msicho nacho, na pembeni ya kila mstari aache nafasi ya kuandika kilipo. Hiyo itakuwa bibliografia yenu. Mkija mjini, njooni nalo; tutazijaza hizo nafasi pamoja, kwa penseli.